Baba, Funga Mlango

Mimi ni kiguu na njia. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu, na fundi mkuu wa hoteli niliyoanzia kazi kule Diani hakuwahi kunipa kazi ya kukaa kitako. Labda ndiyo sababu nikawa fundi wa friji na viyoyozi: leo paa hili, kesho paa lile, na hakuna anayekuuliza mbona hutulii. Kwa hiyo Baba aliponipigia simu kuniambia niende Shimoni, nilikuwa nimeshashika helmeti ya pikipiki kabla salamu hazijakwisha.

"Kuna nini, Baba?"

"Tajiri anasema kebini yake ni tanuri."

Kwa watu wa baharini tajiri ni mwenye chombo, awe na mali au awe na madeni. Huyu alikuwa mtu wa bara aliyenunua boti ndogo ya faiba yenye chumba kimoja, akampa Baba aiendeshe. Baba alikuwa ameushika usukani ule kwa miaka kumi na mmoja, akiwapeleka wageni wa hoteli nje ya Wasini kuona pomboo na matumbawe. Wageni walikaa chumbani, na usukani ulikuwa humo humo, mbele upande wa kulia. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, lakini kilikuwa kinahema tu. Wageni walitoka wameloa jasho, wakaenda kulalamika hotelini, na malalamiko yakamfikia tajiri. Akasema atakuja mwisho wa mwezi kujionea mwenyewe. Akikuta bado fukuto ni lile lile, ataipeleka boti Kilifi, kwa rafiki yake ambaye ana nahodha wake.

Baba aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Lakini mimi ninamjua. Tangu Mama afariki, alikuwa na mambo mawili tu ya kumwamsha alfajiri: adhana na boti ile.

Nilimkuta gatini amevaa kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, amesimama kando ya boti na baharia wake. Baharia huyo alikuwa mtu mzima wa rika langu, mpole, ambaye alikuwa amefanya kazi na Baba tangu boti iliponunuliwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na upepo wako?"

Baharia aliniuliza kwa nini tusiweke kiyoyozi kikubwa zaidi, mambo yakaisha. Nikamwonyesha jenereta, kidude kidogo kilichokuwa kikikohoa nyuma. Kile hakibebi kikubwa. Kazi yangu haikuwa kuongeza baridi, ilikuwa ni kuizuia ile iliyopo isipotee, na hiyo ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu unatafuta mwizi mmoja mmoja.

Mwizi wa kwanza alikuwa chini ya sakafu. Kiyoyozi cha boti huvuta maji ya bahari kwa pampu, maji yakalichukua lile joto, yakatemwa nje ubavuni. Nilichungulia pale yanapotemewa nikaona kimchirizi chembamba kama cha birika la udhu. Nikafungua chujio: mwani, mchanga, na kisamaki kimoja kilichokuwa kimekufa zamani. Mabomba yenyewe yalikuwa yameota magamba ndani. Nikatafuta siki ya kupikia, dumu zima, nikaizungusha humo ndani mpaka magamba yakaanza kutoka vipande vipande. Mwizi wa pili alikuwa wazi mno hata nikataka kulia: mtu alikuwa amerundika maboya ya kuvaa mbele ya tundu ambalo kiyoyozi huvutia hewa ya chumbani. Kilikuwa kimezibwa pua, halafu wanakilaumu kwa kukosa pumzi.

Mwizi wa tatu alikuwa mlango. Ulikuwa umefungwa kamba ukutani ili usijifunge, wazi kabisa, na dirisha dogo la kando ya usukani nalo liko wazi.

"Baba, funga mlango. Baridi inatoka."

"Nikifunga mlango," akasema, "mlango nitauonaje?"

Nikacheka. Kwetu njia ya maji inayopita kati ya miamba nayo huitwa mlango, na nje ya kisiwa uko mmoja, mwembamba, ambao Baba alikuwa akiupita kila siku ya kazi. Baba ni mtu wa kucheza na maneno. Ukimwambia chai imepoa atakuambia hata mwenye chai amepoa. Nikaufungua ule mkanda wa kamba, nikaufunga mlango kwa mguu, nikaendelea na kazi zangu.

Wiki iliyofuata nilirudi na mzigo. Nilibandika godoro jembamba la sponji kwenye dari yote, maana paa la faiba juani ni kikaango. Nikashona mapazia ya ile karatasi ya kung'aa, nikayatundika kwenye madirisha ya pembeni. Nikauzungushia mlango mpira, na dirisha la usukani pia, nikaziba kifuniko cha injini kilichokuwa kinapandisha joto chumbani, na juu ya paa nikatandaza turubai jeupe. Mchana wa jua kali, boti ikiwa imefungwa gatini, kipimajoto changu kilishuka kutoka thelathini na tatu hadi ishirini na nne.

Habari zilienea. Kina mama waliokuwa wakingoja samaki wakapiga hodi, wakaingia mmoja mmoja kuonja baridi. Mmoja akajifunika leso hadi masikioni, akasema kumbe Ulaya ni hapa hapa, watoto wa watu wanahangaika na pasipoti bure. Nilijisikia mkubwa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha usukani, ananyoosha mkono juu, analigonga lile godoro kwa kifundo cha kidole.

"Ukigonga halisikiki," akasema.

"Ndiyo uzuri wake, Baba. Linazuia na kelele."

"Enhe," akasema.

Nilirudi Ukunda nikiimba ndani ya helmeti. Siku ya tatu Baba akanipigia simu: wageni wamelalamika tena.

Sijui kama nimewahi kuendesha pikipiki vibaya kama siku ile. Nilipoingia chumbani niliona mambo matatu. Mpira wa dirisha la usukani ulikuwa umebanduliwa. Mlango ulikuwa umefungwa tena kwa ile kamba. Na juu ya kiti cha Baba, kipande cha godoro langu, upana wa sinia, kilikuwa kimenyofolewa, gundi inaning'inia kama makamasi. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe.

Baba alikuwa msikitini. Aliyekuwepo ni baharia, nami nikamwagikia yeye. Nilimwambia anamwangusha mzee aliyemlea kazini. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika, kisha nikasema hili, mbele ya wachuuzi wa samaki na watu wa maboti mengine: "Au unangoja mzee afukuzwe ili ushike usukani wewe?"

Hakupandisha sauti. Aliikunja kamba aliyokuwa ameishika, akaiweka chini.

"Dada, mimi sina neno," akasema. "Muulize mzee."

Sikumuuliza. Nilichukua gundi, nikabandika kila kitu upya, mara mbili ya kwanza. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mimi siku hiyo nilikuwa ningali natimka huku na huku juu ya sitaha, sijaiona ngama, lile tumbo la chombo, iko wapi.

Tajiri hakungoja mwisho wa mwezi. Alikuja Jumamosi iliyofuata na wageni wanne, akataka twende sote mpaka kwenye matumbawe. Nilipanda nao. Nilijua fika kwamba nikiondoka mtu ataufungua ule mlango, basi nikaufunga na kuuegemea kwa mgongo. Hakuna atakayepita hapa, nikasema moyoni.

Dakika kumi tu na chumba kilikuwa baridi. Mgeni mmoja mwanamke akatoa mtandio kwenye mkoba, akajitanda. Tajiri akanionyesha kidole gumba.

"Fundi, hapo sawa! Sasa hii ndiyo boti. Mzee, umeona mtoto wako?"

 Nikatazama kisogo cha Baba, nikaona jasho linatoka chini ya kofia, linateremka shingoni. Katika baridi ile. Kwanza nilidhani ni homa. Kisha injini ikapungua, tena ikapungua, na mbele nikaona maji yanabadilika rangi. Tulikuwa tunaukaribia ule mlango wa miamba.

Kupitia kioo cha mbele nilimwona baharia. Alikuwa amesimama nje, amegeuka kutuelekea, anapiga paa kwa ngumi. Niliiona ngumi ikipanda na kushuka. Sikusikia kitu. Akaacha kupiga, akaanza kupunga mkono: kulia, kulia, kulia. Baba alikuwa amemkodolea macho, hatua tatu tu kati yao, na usukani haukusogea.

"Mama," Baba akasema. Huniita hivyo akiwa mgonjwa, au akiwa ananiomba kitu. "Mama, fungua mlango."

"Baba, tajiri yuko hapa," nikanong'ona.

"Fungua, mama."

Nikaufungua. Joto liliingia, na sauti nazo zikaingia: mawimbi yanavunjika kushoto, karibu mno, na ngumi za baharia, aliyekuwa amerudia kupiga, sasa wazi kabisa juu ya paa, mbili, mbili, mbili. Baba akageuza sikio kuelekea mlangoni. Mikono yake ikauzungusha usukani taratibu kwenda kulia, akaongeza moto wa injini kidogo, tukapita. 

"Fundi! Mbona tena umefungua?" tajiri akalalamika.

"Kiyoyozi kinazidiwa," nikasema. "Lazima kipate hewa kidogo." Uongo mtupu. Hakuna kiyoyozi cha namna hiyo duniani.

Wageni walipoingia majini kuogelea, na tajiri pamoja nao, nilibaki na Baba. Hakungoja nimuulize. Akavua kofia, akajifuta uso.

"La kushoto, mwaka wa pili huu," akasema. "La kulia, tangu baada ya Ramadhani. Ninaona mwanga. Ninaona kwamba wewe ni mtu umesimama. Wanasema ni mtoto wa jicho." Akatabasamu. "Nami nilidhani nina mtoto mmoja tu."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikasirika. Nilimuuliza amewezaje kubeba watu namna hiyo. Akasema amewabeba na amewarudisha, wote. Nikamwambia kwa masikio! Akasema masikio yake hayajamkosea hata siku moja: mwamba wa kushoto unanguruma, wa kulia unapiga makofi, na baharia anagonga, moja kushoto, mbili kulia. Walikuwa wamekubaliana wawili tu. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote nilizokuwa nikisaka wezi wa baridi, nilikuwa nikimziba Baba masikio kwa gundi yangu mwenyewe.

"Mtoto wa jicho hutolewa, Baba. Ni upasuaji mdogo."

"Wanakupasua ukiwa macho," akasema. "Nimeambiwa. Unakiona kisu kinakuja."

"Wewe si umesema huoni?"

Hapo tulicheka wote wawili, lakini hatukumaliza kicheko.

Sasa niseme jambo ambalo sijivunii. Njia ya kuliponya joto la boti ile nilikuwa nimeshaiona, papo hapo, wakati Baba anazungumza. Ukikigawa chumba kwa ubao, usukani ukabaki upande wa mbele, wazi, na wageni wakabaki nyuma na mlango wao mdogo, kiyoyozi kitakuwa na nafasi ndogo ya kupoza na wageni watapata baridi tele. Baba naye angekuwa na mlango wake wazi, dirisha lake wazi, masikio yake wazi. Tajiri asingejua lolote. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifikiria, na ningeweza kuimaliza kwa siku mbili.

Nilimwambia tajiri nahitaji ubao, akakubali. Nikaukata Ukunda, kwenye kibanda changu, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi nyeupe. Kila nilipoushika nilijipa sababu. Miaka kumi na mmoja. Adhana na boti. Hajawahi kugonga. Halafu simu ikilia naruka, nadhani ni Shimoni wananipigia kuniambia boti imegonga mwamba. Mteja akitaka nimjazie gesi, simu ikilia ninaacha mpira wa gesi unazomea. Mwenye friji moja aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamwambia ndiyo. Siku ya tatu nikamwomba rafiki yangu mwenye tuktuk anibebee ubao, nami nikatangulia na pikipiki.

Baba aliupapasa ubao juu mpaka chini. "Umelainika," akasema.

"Sitaufunga," nikasema. "Sitaugongomea hata msumari mmoja mpaka tajiri ajue. Utamwambia wewe au nitamwambia mimi."

"Atanitoa."

"Huenda akakutoa."

"Na wewe uko radhi?"

"Siko radhi!" Nilipiga kelele, na watu wa gatini wakageuka. "Siko radhi hata kidogo. Lakini mficha maradhi kifo humfichua, Baba, na hapa si kifo chako peke yako."

Mkono wake ulibaki juu ya ubao. Nilizunguka boti nzima mara mbili kwa sababu sikuweza kusimama. Niliporudi alikuwa ametoa simu mfukoni, ameninyooshea.

"Nitafutie namba yake," akasema. "Mimi siioni."

Alimwambia yote, bila kupunguza, kama mtu anayetoa shahada. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika. Tajiri akamuuliza ni nani sasa anayeweza kuipitisha boti ile kwenye miamba. Baba akalitaja jina la baharia. Akasema amekuwa akiipitisha yeye kwa mwaka mzima, kwa ngumi.

Nilimtafuta baharia, nikamwomba radhi pale pale nilipokuwa nimemtukana, mbele ya wachuuzi wale wale, maana matusi ya hadharani hayaombewi msamaha sirini. Aliniambia amesamehe. Kisha akanisaidia kushika ubao nikiugongomea.

Upasuaji nitaupita haraka, kama ulivyopita wenyewe. Jicho la kulia lilianza, la kushoto likafuata. Baba hakuona kisu chochote, akabaki kulalamika kwamba chai ya hospitali haina iliki. Kitambaa kilipotolewa alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe umezeeka."

Usukani hakurudishiwa. Tajiri alimpa pole na asante, na boti ikabaki Shimoni mikononi mwa baharia. Wageni hawalalamiki tena. Siku moja ya Jumapili baharia alitualika, Baba na mimi, twende kama abiria. Tuliingia nyuma ya ubao wangu, kwenye baridi. Baba akaanza kuikagua kazi yangu kwa mara ya kwanza: pazia hili limeenda upande, mshono huu umelegea, gundi ile mbona imemwagika namna hiyo. Akauliza ni nani aliyenidanganya kwamba najua kushona. Nilikuwa na furaha hata sikuweza kukaa. Nikasimama, nikakaa, nikarekebisha pazia, nikakaa tena.

Maji yalikuwa yamekupwa kidogo siku hiyo. Tulipofika kwenye mlango wa miamba, Baba alilisogeza pazia la kung'aa, akaweka uso kwenye kioo cha kushoto. Mwamba ulikuwa unaonekana chini ya maji, rangi ya kahawia, na boti ilikuwa inapita mbali nao, nafasi tele kati yetu.

"Anapita mbali hivi?" akauliza.

"Ndipo njia ilipo, Baba."

 Baba akainua mkono, akaelekeza kidole majini, hatua chache kutoka kwenye ule mwamba. "Mimi nilikuwa nikipita pale," akasema. Akakisogeza kidole karibu zaidi na mwamba. "Siku nyingine pale."

Mkono ukashuka, ukaushika wangu, na ulikuwa baridi. Nyuma yetu wimbi lilikuwa limeutikisa mlango mdogo wa ubao, ukafunguka, na sauti ya miamba ikawa inaingia.

"Funga mlango, mama," Baba akasema.